Bepari mmoja na mabepari wengi

Neno bepari lilifika pwani ya Kusini mwa Tanzania likiwa halina dhambi. Wagujarati waliofungua maduka Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje walimwita mfanyabiashara vepari, sisi tukalibeba kama tulivyobeba gari na chapati, na kwa babu zetu bepari alikuwa mtu mwenye duka, mizani na daftari la madeni. Dhambi alibebeshwa baadaye. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 redio ilitufundisha kwamba ubepari ni unyama, na waliosoma shule ya msingi miaka ile hawajaisahau sentensi hiyo mpaka leo.

Nimeisikia tena Machi iliyopita, Newala, kwenye kibaraza cha muuza kahawa. Machi ni mwezi mbaya wa kubishana kuhusu hela. Za korosho zimeshakwenda kwenye mabati, ada na madeni, na mahindi mapya bado yako shambani. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akimsema kijana ambaye mtaa mzima unajua ananunua kangomba. "Wewe mwanangu ni bepari," alimwambia, "hata ukivaa kanzu." Kijana akajibu kwa adabu, bila kumtazama usoni: "Sawa, Mwalimu. Lakini mwezi wa pili nani mwingine alikuja huku na hela?" Watu wakacheka, vikombe vikajazwa, mazungumzo yakahamia Simba na Yanga.

Kwa asiye wa huku: kangomba ni kununua korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla hata mkorosho haujatoa maua. Jina linatokana na kipimo, kopo au bakuli linalohesabiwa kilo moja huku likimeza zaidi ya kilo. Viongozi huilaani kila msimu. Inaendelea kila msimu.

Kama ubepari unamsaidia maskini au unamwangamiza ni swali ambalo wengi hulijibu kwa mifano ya mbali, viwanda vya nguo vya Uingereza au matajiri wa Marekani. Sioni haja ya kwenda huko. Mkorosho ule ule, katika shamba lile lile la Tandahimba au Nachingwea, umepita mikononi mwa maduka ya Wahindi, ushirika, mamlaka ya serikali, soko huria, stakabadhi ghalani (mzigo hukusanywa ghalani, wanunuzi wakashindana kwa mnada), jeshi, na sasa mnada wa mtandaoni. Yote hayo ndani ya umri wa mtu mmoja. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mti haukubadilika ilhali mnunuzi amebadilika mara nyingi hivyo.

Nianze na hoja ya yule Mwalimu wa kibarazani, maana si ya kupuuza. Soko kubwa la kwanza ambalo pwani hii ililijua karne ya 19 lilikuwa la watu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirisha watumwa, na kila aliyefika pale amefungwa shingo alikuwa na bei iliyopangwa na wanunuzi na wauzaji walioridhiana bila yeye. Kisha wakaja Wajerumani na pamba. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba katika mashamba ya lazima, na Maji Maji ikaanzia hapo, katika milima ambayo leo iko Mkoa wa Lindi. Anayesema mtaji ulifika Kusini ukiwa na bunduki mkononi hatii chumvi. Inasomwa kwenye makaburi.

Halafu kuna miaka ya tisini. Biashara ya korosho ilipofunguliwa mwanzoni mwa muongo ule, wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mawakala wao, na wengi wanakumbuka mizani zilizochezewa na bei zilizokuwa zikipatana kimyakimya kabla ya gari kuwashwa. Viwanda vya kubangua vikauzwa, na vingi vikaishia kuwa maghala. Mwaka 2017 ikawa zamu ya mbaazi: India ilibana uagizaji, na zao ambalo watu wa Masasi na Nachingwea walikuwa wameanza kulitegemea likashuka mpaka mia na ushei kwa kilo. Unaweza kusema, na ni kweli, kwamba pale aliyefunga mlango ni serikali ya India na si mfanyabiashara. Mwenye magunia kumi ya mbaazi uani haimsaidii kitu kujua nani ameshika komeo.

Hoja ya ndani kabisa ya upande huu ni kwamba soko halisikii njaa, linasikia hela. Mwenye mtoto mgonjwa na mwenye benki wakikutana sokoni hawawi wawili sawa wanaopatana bei, maana mmoja anaweza kusubiri na mwingine hawezi.

Nakubaliana na hoja hii kuliko Mwalimu anavyodhani. Ila naona tunaigeuza isivyo. Katika pamba ya 1905 hapakuwa na soko. Mtu hakuruhusiwa kukataa kulima, wala kukataa malipo, wala kuuza kwa mwingine. Mtumwa wa Kilwa naye ndiye pekee katika biashara ile asiyeweza kusema hapana. Maskini ana vitu vichache vya kujitetea navyo, na kikubwa kuliko vyote ni uwezo wa kuikataa bei. Mfumo wowote nitaupima kwa swali hilo: mkulima anaweza kusema "hapana, siuzi kwako" na bado akalala amekula? Na ukiupima hivyo, historia ya korosho inasema jambo ambalo vijiweni halisemwi sana.

Kuna takwimu mbili ambazo sijaacha kuzigeuza kichwani kwa miaka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 hivi za korosho, sehemu kubwa kutoka Kusini, na nchi ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Msimu wa 1986/87 zilikusanywa tani kama 16,500. Yaani kati ya kila magunia tisa lilibaki moja. Katika miaka hiyo kumi na mitatu hakukuwa na vita Newala. Hakukuwa na moto uliounguza uwanda wote wa Makonde. Na mkorosho si mahindi kwamba usipoupanda mwaka huu haupo. Ukishashika ardhi unaishi miongo mingi. Miti ilikuwepo. Ilisimama porini ikidondosha mabibo, na nyani wakala.

Nini kilitokea? Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamelieleza vizuri, na wazee huku wanalieleza kwa maneno machache zaidi. Kwanza Operesheni Vijiji: watu walihamishwa kuelekea barabarani, mikorosho yao ikabaki nyuma, kwa wengine mwendo wa nusu siku. Huwezi kufyeka na kuokota kwenye shamba ambalo ukienda leo unarudi kesho. Pili ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua, ambao hauna siasa na ungekuja chini ya mfumo wowote. Tatu bei. Tangu 1973 mnunuzi alikuwa mmoja, mamlaka ya korosho ya serikali. Bei ilitangazwa. Sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima ikawa inapungua, maana kati yake na meli palikuwa na ofisi, magari, mishahara na hasara za kila mmoja wao, na hakukuwa na mtu wa pili wa kumpelekea gunia.

Sasa tazama mkulima alichofanya. Hakuandamana wala hakuandika barua gazetini. Aliacha kuokota. Mtu aliyenyimwa haki ya kukataa bei alikataa kwa njia pekee iliyobaki, akaingia kwenye muhogo. Zile tani 128,000 zilizopotea nazisoma kama kura, na sijui kura nyingine iliyowahi kupigwa Kusini kwa wingi kiasi kile na kwa ukimya kiasi kile.

Kichekesho chake, kama kinachekesha, ni viwanda. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilikopa kutoka Benki ya Dunia, Italia na Japani, ikajenga viwanda 12 vya kubangua, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilikamilika wakati korosho za kuvilisha hazipo. Leo tukipita Masasi au Lindi tunaonyeshana majengo na kusema "mabepari wameviua viwanda vyetu." Waliovinunua wana lawama zao, hasa wale walioahidi kubangua wakageuza maghala. Lakini vingi walivikuta kimya. Wala hii haikuwa mara ya kwanza Kusini kujengewa kitu kikubwa na watu wasiouliza bei ya kitu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ikaijengea reli mpaka bandari ya Mtwara. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na mamilioni ya pauni za walipa kodi wao. Reli ikang'olewa miaka ya sitini. Karanga hazikujua kwamba zilipaswa kuota.

Na baada ya soko kufunguliwa? Kufikia mwaka 2000 uzalishaji ulikuwa umevuka tena tani 100,000. Kiwango cha 1973/74 kilivukwa msimu wa 2011/12, karibu miaka arobaini baadaye. Msimu wa 2017/18 zilipatikana tani zaidi ya 310,000, na msimu wa 2024/25 zaidi ya 500,000. Nisidanganye kwamba soko lilifanya haya peke yake. Salfa iliyozuia ubwiriunga na miche bora vimetoka kwa watafiti wa umma pale Naliendele, na siku hizi pembejeo zinagawiwa bure. Lakini salfa haijipulizi. Anayeamka usiku umande ungalipo, akajifunga kitambaa puani na kubeba mashine mgongoni, anafanya hivyo kwa sababu anaamini Oktoba kuna mtu zaidi ya mmoja atakayeshindania gunia lake.

Ukitaka kuitazama picha hii kwa upana wa dunia, haibadiliki sana. Mwaka 1990 zaidi ya theluthi moja ya watu duniani waliishi katika ufukara uliokithiri. Kufikia 2019 walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Sehemu kubwa ya waliotoka ni Wachina, na nyuma yao wamo Wavietnamu, raia wa nchi mbili zinazotawaliwa na vyama vya kikomunisti vilivyoamua kuwaachia wakulima wauze. Hapa nyumbani, watu walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, wakawa asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Kushuka huko ni kwa kweli, na ni kwa polepole mno kwa mtu aliyekuwa akisubiri. Niliache hapo.

Nirudi kwa kijana wa kangomba, maana ndiye kesi ngumu. Kumtetea mnunuzi wa mnadani ni rahisi. Kijana huyu ndiye sura ya unyama anayoitaja Mwalimu.

Tupige hesabu. Tuseme mwezi wa nne mkulima anachukua shilingi 100,000 kwa makubaliano ya shilingi 1,000 kwa kilo. Oktoba mnada unatoka kwa shilingi 3,500. Atapeleka kilo 100, zenye thamani ya shilingi 350,000. Kwa miezi sita amelipa riba ya 250,000 juu ya laki moja. Na bado hatujataja kopo linalomeza zaidi ya kilo. Hakuna benki inayothubutu kuandika riba hiyo ukutani. Hata mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali ambayo imewafanya akina mama wengi wazikimbie nyumba zao, ukiiweka pembeni ya hesabu hii inaonekana ina huruma.

Basi ni mnyonyaji? Subiri kwanza. Laki moja ile ya mwezi wa nne inafanya nini? Mara nyingi ni vibarua wa kufyekea shamba, kukodi mashine ya kupulizia, mafuta ya mashine. Salfa ikiwa ya bure, mashine si ya bure na mgongo wa kuibeba si wa bure. Shamba lisilopuliziwa linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na shamba lisilofyekwa hata zilizoanguka huzioni. Aliyetarajia kilo 400 akapata 150 kwa kukosa laki moja amepoteza kuliko alivyopoteza kwa kijana. Hapo kangomba, pamoja na ukali wake, imembeba. Ikiwa laki hiyo imekwenda hospitali au msibani, hesabu inageuka: kilo mia zimekwenda na shamba halijapata kitu. Mkopo ni ule ule. Alichofanyia hela ndicho kinachoamua kama amebebwa au amezamishwa. Na wapo ambao hawakuuza kilo bali waliweka rehani mikorosho yenyewe, msimu huu na ujao, mpaka wakawa vibarua kwenye miti iliyopandwa na baba zao. Hao siwezi kuwaambia wamesaidiwa, na simwamini anayewaambia.

Upande wa kijana nao una hesabu. Amekopesha kwa kitu ambacho hakipo bado. Maua yanaweza kuungua. Mkulima anaweza kupeleka gunia kwenye mizani ya chama cha ushirika na kumwambia njoo mwakani. Bei inaweza kuanguka ikawa 1,800. Na hawezi kwenda mahakamani, kwa sababu biashara yake imepigwa marufuku. Kila moja ya hatari hizi anaiweka ndani ya ile 250,000. Tunapoikataza kangomba, wenye roho nyepesi wanaondoka, yule mwenye duka, muuguzi, mwalimu mwenye akiba kidogo, na anabaki mmoja mwenye roho ngumu, ambaye sasa ndiye mkopeshaji pekee kijijini. Na tumeshaona mnunuzi mmoja anafanya nini. Kinachomuumiza mkulima mwezi wa nne ni uhaba wa mabepari: angekuwa na watatu wa kuwagongea mlango, wa kwanza akisema elfu moja angemwambia fulani amenipa elfu mbili.

Najua hili litawaudhi wengi ninaowaheshimu.

Ushahidi mkubwa wa upande wangu, na pia unaonifunga mdomo kidogo, ni mwaka 2018. Msimu uliotangulia bei ilikuwa imefika shilingi 4,000 hivi. Kisha bei ya dunia ikashuka, na minada ya kwanza ya Oktoba, Newala na Tandahimba, ikaleta bei ambazo hazikufika 3,000. Wakulima wakazikataa. Naomba tusilipite hilo haraka. Watu wa uwanda wa Makonde, ambao wengi wao hununua hata maji kwa dumu, waliketi mbele ya wanunuzi wa kimataifa wakasema hapana. Babu zao wasingeweza.

Novemba serikali ya Rais Magufuli ikaingia. Mawaziri wawili waliondolewa, Bodi ya Korosho ikavunjwa, ikatangazwa kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakashuka Kusini. Nilikuwepo siku zile, na sitasahau furaha. Shilingi 3,300 ilikuwa bei nzuri kuliko ya mnada, na kwa mara moja serikali ilionekana kumsimamia mnyonge dhidi ya tajiri. Nani angepinga? Mimi sikupinga.

Ila mnunuzi akawa mmoja tena. Uhakiki ukaanza: uonyeshe shamba, uthibitishe kilo zako, usiwe kangomba. Malipo yakachelewa, kwa wengine miezi, kwa wengine zaidi ya mwaka. Januari watoto wakaenda shule na ahadi. Na mkulima anayeidai serikali hana pa kumpeleka. Mfanyabiashara akichelewa kulipa kwenye mnada haruhusiwi kutoa mzigo ghalani. Serikali ilikuwa na mzigo, ghala na bunduki. Wakati huo, wasio na hela walikwenda wapi kuganga njaa? Walikwenda kwa kijana. Waliuza haki ya malipo yao kwa nusu bei, kimya kimya, kwa yule yule aliyekuwa akisakwa. Msimu uliofuata minada ikarudi.

Kuna jambo la miezi michache kabla ya hapo ambalo halikupata kelele za kutosha. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Kabla ya hapo asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao, pembejeo zikiwemo. Baada ya hapo yote ikaenda mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa Kusini walipinga mpaka sauti zikakauka. Mavuno ya msimu ule yakashuka kutoka zile tani 310,000 mpaka kama 225,000. Sikumsikia mtu akiliita hilo ubepari, wala unyama.

Lakini nimesema mwaka ule unanifunga mdomo, na ni haki nieleze kwa nini. Mnada ambao mkulima alipata nguvu ya kuukataa haukujengwa na mabepari. Ulijengwa na ushirika na sheria. Sheria ya stakabadhi ghalani ni ya 2005, na korosho ziliingia humo msimu wa 2007/08, zikianzia Mtwara, hasa kwa sababu soko huria la miaka ya tisini lilikuwa limeachwa bila mwamuzi na wanunuzi wakageuka kuwa mnunuzi mmoja mwenye mashati mengi. Kukusanya gunia la kila mtu katika ghala moja, kulipima kwa mizani ya chama, kisha kuwaita wanunuzi wote washindane siku moja: hilo ndilo soko bora kuliko yote ambayo korosho imewahi kuwa nalo, na liliundwa kwa kuwakataza watu kuuza watakavyo. Mwalimu akinibana hapo sina jibu la haraka. Naweza tu kuongeza kwamba ushirika ukipata gunia lako na usiwe na wa kuusimamia, nao unajifunza tabia za mnunuzi mmoja. Aprili 2013 Liwale nyumba za viongozi zilichomwa moto kwa sababu malipo ya awamu ya pili ya korosho yalikuja pungufu ya yaliyotarajiwa. Leo mnada uko kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, bei inaonekana kwenye simu siku ile ile, na malalamiko yaliyobaki, ambayo ni mengi, ni kuhusu makato: ya chama, ya ghala, ya usafiri, ya halmashauri.

Kuhusu kubangua nitasema kidogo tu. Korosho zetu nyingi bado zinaondoka na maganda, zinakwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua inabaki huko. Hii huitwa unyonyaji, na kwa hesabu ya ajira ni hasara kweli. Lakini Vietnam iliyotuzidi ilianza mageuzi yake mwaka 1986, mwaka ambao sisi tulikuwa tunakaribia zile tani 16,500, na tangu 2006 ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa. Haikuwafukuza wenye mashine.

Kinachokosekana Kusini, basi, ni hela ya mwezi wa nne. Oktoba tuna wanunuzi wengi. Aprili tunaye mmoja. Na dhamana ipo: Bodi ya Korosho imesajili wakulima na mikorosho yao kwa ajili ya pembejeo, vyama vya msingi vina kumbukumbu za kilo za kila mtu msimu kwa msimu. Mkulima ambaye miaka mitano mfululizo amepeleka kilo 400 mizani ni mtu wa kukopesheka kuliko wengi wenye mishahara, na deni lake linaweza kukatwa mnadani kabla hela haijamfikia. Benki mbili zikigombea wateja wa aina hiyo katika kata moja, pamoja na vikoba vya akina mama, kijana wa Newala atalazimika kupanda kutoka elfu moja, au aache biashara.

Nilimweleza hivyo siku ya pili, tukiwa wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari lake. "Sawa, kaka," akasema. "Hizo benki zitafunguliwa saa ngapi? Mimi watu wanabisha hodi saa nne usiku."